Kichuguu cha Sikoni

Kiangazi kilichopita nilirudi Kasongo kwa harusi ya mtoto wa dada yangu, na kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai nilikuwa nimeshakasirika. Pikipiki ilinitoa Kindu nikiwa msafi ikanifikisha nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi kucha, lakini hilo nimelizoea. Aliyenikasirisha ni mwanamke mzee aliyeketi mkekani pembeni yangu, jirani yetu wa zamani, ambaye ua wake ulipakana na ua wa bibi yangu tangu sijazaliwa. Alikuwa akitafuna mkate wa dukani, ule mweupe usiokuwa na ladha wala harufu. Akanigusa goti, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mwanangu, vita ilitumalizia vitu," akaniambia. "Hata sikoni za bibi yako, vita ilizibeba."

Nikaitikia "ee" kama mtu mwenye adabu, nikameza chai pamoja na maneno niliyotaka kusema. Nilikuwa nimekuja kwa harusi, sikuja kwa kesi. Lakini jambo hilo limenikaa kooni tangu siku ile, na kwa kuwa wewe hukuwepo na huna ugomvi na mtu yeyote wa mtaa wetu, acha nikueleze wewe jinsi sikoni za bibi yangu zilivyokwisha. Vita havimo katika habari hii. Kwetu vita vimekuwa gunia la kutilia kila takataka. Ukiuliza daraja liko wapi, ni vita. Shule iko wapi, ni vita. Na mara nyingi ni kweli, ndiyo maana ni rahisi kuchomeka uongo humo humo bila mtu kuugundua.

Sikoni, kama hujawahi kuziona, ni mikate midogo ya mviringo, minene kiasi, isiyotiwa hamira. Nje ina ganda jembamba, ndani ni laini, na ukiipasua ikiwa moto inatoa mvuke wenye harufu inayowafanya watoto wasahau walikotumwa. Bibi alijifunza kuzioka akiwa msichana. Alizaliwa vijijini, upande wa Wamaza, kwa wakulima Wakristo, akapelekwa kwa masista wa misheni asome, na masomo aliyoyashika vizuri zaidi yalikuwa ya jikoni. Kulikuwa na sista mmoja aliyetoka Irlande, nchi ambayo bibi aliieleza maisha yake yote kuwa ni mahali pa mvua, ng'ombe na watu wenye masikio mekundu. Sista huyo akikumbuka kwao alikuwa anaoka. Alimwambia bibi kwamba mama yake alioka sikoni karibu kila jioni, kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochacha, na siagi iliyotunzwa mahali pa baridi, na mkono mwepesi. Sasa, Kasongo ng'ombe hatuna, na baridi huku ni kitu cha kusikia redioni. Bibi alibaki na mkono mwepesi, na vingine akavitafuta.

Aliolewa na babu, Mwislamu wa mjini, mfanyabiashara wa mchele na mawese, akaingia dini ya mumewe. Katika mwezi wake wa kwanza wa kufunga aliwawekea wakwe zake sikoni kwenye sinia la futari. Babu alipenda sana kuisimulia jioni hiyo. Alisema wakwe walitazamana, mmoja akasema huu ni mkate wa mapadri, halafu wakala, halafu wakauliza kama jikoni zimebaki nyingine. Kuanzia hapo hapakuwa na futari, harusi wala msiba katika mtaa ule bila sikoni za bibi, na hakuna aliyekumbuka tena mambo ya mapadri.

Siku ya kuoka ilikuwa Ijumaa. Tuliamka kabla ya adhana, kwa sababu asubuhi ile ya mapema ndiyo baridi pekee tuliyokuwa nayo, na mawese yanakuwa yameganda kidogo kwenye chupa. Kopo la siagi likipatikana, bibi alitumia siagi. Lisipopatikana, alitumia mawese, na sikoni zikatoka za rangi ya machungwa, na nakuapia kwamba nimekula za siagi katika hoteli zenye vitambaa mezani na hakuna hata moja iliyozifikia zile za mawese. Maziwa aliyapata kwa kukoroga maziwa ya unga na kuyakamulia ndimu mpaka yakatike. Unga wa ngano ulikuwa wa taabu, basi aliuongezea unga wa mchele, na huo ulikuwa kazi yangu. Nilitwanga mchele uliolowekwa usiku, nikachekecha, nikatwanga tena makapi, huku nikisikia baiskeli za watu wa Nyangwe zikipita barabarani na samaki wao, kengele zikilialia.

Yeye alikuwa anatumbukiza mikono kwenye maji ya mtungi, anaikausha kwa kanga, ndipo anaanza kusugua mafuta ndani ya unga kwa ncha za vidole, juu juu, mpaka unga uwe kama mchanga uliolowa. Anatia bikarbonati, ule unga mweupe wa kuumulia, na chumvi, kisha anatia maziwa yote kwa mkupuo na kukusanya donge haraka. Kukanda alikataa kabisa. Nikisogeza mkono wangu kutaka kukanda, ananipiga kofi dogo la vidole. "Usitese unga," alikuwa akisema, "haijakukosea kitu." Halafu anakata kwa kopo la nyanya lililofunguliwa pande zote mbili, analibonyeza na kulinyanyua wima bila kulizungusha, kwa sababu ukilizungusha sikoni inainama upande mmoja kama mlevi.

Na huku nyuma moto ulikuwa tayari. Hapa ndipo penye habari yangu, kwa sababu bibi hakuokea jikoni. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kumpita babu, chenye majani kichwani na mchwa wake bado wako hai upande wa nyuma. Ubavuni mwa kichuguu hicho babu alichimba shimo kwa mikono yake, lenye mdomo mwembamba na tumbo pana, na hilo ndilo lililokuwa furu ya bibi, yaani tanuru. Udongo wa kichuguu ni mgumu na unashika joto ajabu. Bibi aliwasha kuni humo ndani mpaka kuta ziwe nyeupe, akayakokota makaa yote nje, akatupia chembe za unga sakafuni. Unga ukiwa mweusi papo hapo, tunangoja. Ukigeuka kahawia polepole, anaingiza sikoni juu ya bati, anaziba mdomo kwa kipande cha pipa na udongo mbichi pembeni, na mimi nakaa hapo kulinda kuku wasisogee. Harufu ilianza kutoka kabla hajafungua. Kwanza ya maziwa, kisha ya mawese yanayopata moto, na mwisho ile ambayo sina jina lake, ya ganda linapokauka.

Zikitoka, furu bado ina joto la kutosha kwa nusu siku, na joto hilo lilikuwa la mtaa mzima. Wanawake waliingia ua wetu na viazi vitamu, karanga, samaki wa kukausha, wakapangiana zamu na kuchekana. Yule jirani, huyo huyo wa mkekani, hakukosa Ijumaa hata moja. Mihogo yake iliiva kwa kuni zetu, na sikoni yake alitiliwa kwenye bakuli bila kuomba. Sisemi haya kwa kumsimanga, au labda namsimanga. Leo naona nina haki.

Lazima nikueleze jambo moja kuhusu vichuguu, maana usipolijua hutaelewa kwa nini nina hasira mpaka leo. Kwetu kila kichuguu kina mwenyewe, kama shamba au mbwa. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wakiruka, ni mwenye kichuguu anayewakamata, na kabla hajala yeye anachota konzi kwa konzi na kuwagawia ndugu na majirani kwa mkono wake mwenyewe. Wewe unayepewa unapokea kwa mikono miwili. Kupokea hivyo ni kusema mbele za watu kwamba kichuguu hiki ni cha huyu anayenipa. Mwenye ubishi hapokei, anarudi kwake na mikono mitupu, na kesi inaanza. Nimeona huko Wamaza watu waliogombana kuhusu kichuguu wakaulizwa swali hilo tu, "Ulipokea kwa mkono wa nani?", na kesi ikaishia hapo.

Kichuguu chetu kilikuwa cha bibi. Babu alimpa siku alipomzaa baba yangu, mzaliwa wao wa kwanza, na hakumpa chumbani kwa minong'ono. Alimpa uani, mbele ya mdogo wake, mbele ya mzee wa ukoo, mbele ya majirani, na mvua za kwanza zilipokuja bibi aliwagawia wote kumbikumbi na wote walipokea. Habari hiyo niliikuta ikisimuliwa kama watu wanavyosimulia siku ya harusi, kwa raha, na jirani yetu ndiye aliyekuwa akiisimulia vizuri kuliko wote.

Babu akafa. Bibi akakaa eda yake, akamaliza, akarudi kwenye furu. Baba yangu wakati huo alikuwa ameondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Kabambare, na habari zake zilikuwa zimekatika. Nyumbani tulibaki bibi, mama na mimi. Ndipo yule mdogo wake babu, ambaye sisi watoto tulimwita babu mdogo, alipoanza kuja kila jioni kukizunguka kichuguu. Alikizunguka akikipigapiga kwa kiganja, kama mtu anayenunua ng'ombe. Miaka ile watu wa Kasongo walikuwa wameingiwa na homa ya matofali ya kuchoma. Aliyekuwa na nyumba ya udongo aliona haya. Na kila mtu anajua kwamba hakuna udongo wa matofali unaoushinda wa kichuguu.

Hakumwendea bibi. Mwanamume mwenye akili ya namna hiyo haanzi na mwenyewe, anaanza na mashahidi. Jirani yetu aliahidiwa matofali ya jiko jipya. Mzee wa ukoo aliahidiwa matofali ya choo. Nakutajia choo makusudi, ili ujue ushahidi wake ulikuwa na thamani gani. Mambo haya tulikuja kuyajua baadaye, matofali yalipoanza kugawanywa. Siku ya kikao tulidhani tunakwenda kumaliza ugomvi mdogo wa kifamilia.

Kikao kilifanyika uani kwetu, alasiri, watu wamekaa kwenye viti vya kuazima. Mama alipita na birika la chai, ameinamisha kichwa, kama mkwe anavyotakiwa. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni na hakuna aliyenifukuza. Babu mdogo alizungumza muda mrefu kuhusu marehemu, kuhusu heshima ya ukoo, kuhusu nyumba ya kudumu ambayo watoto wote wangefikia. Mwisho akasema kichuguu ni mali ya ukoo na ukoo umeamua kukifanya matofali. Bibi alimsikiliza mpaka akamaliza. Hakupandisha sauti.

"Muzee wangu alinipatia ile kichuguu mbele yenu," akasema. "Mimi sitasema mengi. Mwenye aliona, aseme tu."

Ndugu yangu, sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Vijiko viliacha kugonga vikombe. Mzee wa ukoo alianza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho alipoingia. Jirani yetu aliinamia kikombe chake akatazama humo ndani kama amepoteza kitu. Yule yule aliyekuwa akiisimulia siku ile mpaka rangi ya kanga aliyovaa bibi. Niliwaangalia mmoja mmoja, nikawa najua kwa kila mmoja ni sikoni za msiba upi alizokula na za harusi ipi alizofunga kwenye leso kupelekea watoto. Nilikuwa mtoto, na mtoto kwetu hasemi kikaoni. Mpaka leo sheria hiyo naichukia.

"Mwanamuke anaweza kupewa nguo, anaweza kupewa mbuzi," babu mdogo akasema wakati kimya kilipomtosha. "Kichuguu hapana. Kesho wenye matofari wataanza kazi. Shemeji, utawaokea mikate. Iwe ile ya mwisho."

Kwetu anayefyatuliwa matofali ndiye anayewalisha wafyatuaji, na yeye alitaka walishwe na mjane, kutoka kwenye furu ile ile watakayoivunja. Nilimtazama bibi nikingoja akatae. Nilingoja amtupie maneno. Bibi akasema, "Sawa, shemeji," akainuka na kukusanya vikombe.

Asubuhi yake nilitwanga mchele kwa hasira mpaka mwingine ukaruka nje ya kinu. Nilidhani wamemvunja. Na alivyooka siku hiyo ndivyo alivyozidi kunichoma, kwa sababu hakuwahi kuoka vizuri kama siku hiyo. Alitoa siagi yote iliyobaki kwenye kopo, aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya Idi. Alichekecha unga mara mbili. Nikamwomba tutie chumvi nyingi, ile ya kuwachoma ndimi, wakimbilie mtungi. Alinituma nikachume ndimu nyingine, kubwa, ya upande wa jua.

Sikoni zilipoiva hakuzipanga kwenye sinia. Alikoga, akavaa kitenge chake cha kwendea sherehe, akazipanga kwenye ungo, ule mpana tuliokuwa tunakusanyia kumbikumbi, akaenda kusimama mbele ya kichuguu mgongo ukiwa karibu kugusa udongo. Wafyatuaji walikuwa wamefika na majembe na sururu. Ukoo ulikuwa umefika kuangalia, na majirani, maana hakuna mtu Kasongo anayekosa kuangalia kitu kikivunjwa. Bibi akaanza kugawa. Alichukua sikoni moja moja kwa mkono wake, akaitoa mbele ya mtu, akangoja.

Wafyatuaji walitoka Nyangwe, hawakuwa na habari. Walipokea na kushukuru. Akaja mzee wa ukoo. Akapokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. Akaja jirani yetu. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Hapo ndipo mama aliponishika bega kwa nguvu mpaka nikaumia, na mimi nikaelewa bibi anafanya nini. Nadhani watu wote uani walielewa wakati mmoja, kwa sababu mazungumzo yalikatika. Lakini aliyekwisha kupokea amekwisha kupokea, na walio nyuma hawakuweza kukataa chakula cha mjane ambaye mumewe hajatimiza mwaka kaburini. Wakaja, wakapokea, mikono miwili, kila mmoja.

Wa mwisho alikuwa babu mdogo. Bibi alimnyooshea sikoni na mvuke wake. Alitazama sikoni, akatazama mikono ya wenzake, akasema kwa sauti ya chini iwekwe kwenye meza, atakula baadaye.

"Kwa meza hapana," bibi akasema. "Kwa mukono."

Akabaki amenyoosha. Babu mdogo aligeuka kulia na kushoto akitafuta mtu wa kumsaidia, na hakuna aliyemtazama. Mwisho akatoa mkono mmoja. Bibi hakuiachia sikoni. Basi akatoa na wa pili, akapokea, kama alivyopokea kumbikumbi kwa mwanamke yule yule kabla sijazaliwa.

Mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mama akanifunika mdomo. Kwa akili yangu ya kitoto kesi ilikuwa imekwisha, wamesema kwa mikono walichokataa kusema kwa midomo, na sasa watachukua majembe yao waende. Nikangoja.

Walikula. Walikula mpaka makombo, jirani yetu alilamba kidole. Wakajifuta midomo, babu mdogo akasema haya, kazi, na jembe la kwanza likapiga kichuguu juu ya mdomo wa furu. Udongo ulikuwa bado wa moto ndani, ukatoa joto likatupiga usoni sote tuliosimama karibu. Furu ilibomoka kabla ya sehemu nyingine, kwa kuwa ndani ilikuwa tupu. Kuku wakaja kugombania mchwa. Wanawake wachache walijifunika nyuso kwa kanga, na hata leo sijui walikuwa wanalia au wanakwepa vumbi, na wala sijali. Kama walilia, walilia wakiwa wameshiba.

Haya ndiyo yanayonikera nikisikia watu wa kwetu wakizungumza habari za zamani kwa sauti ya upole. Eti sikoni zimepotea, eti desturi zimepotea, kana kwamba zilitoka matembezini zikakosa njia ya kurudi. Vita vilikuja, ni kweli, vilikuja miaka kadhaa baadaye, vikachoma na kubeba vingi, na vilipofika kwetu havikukuta furu yoyote. Jiko la jirani lilikuwa limeshajengwa. Choo cha mzee kilikuwa kimeshaezekwa. Mimi sikoni naoka nyumbani kwangu Kindu, kwenye furu ya bati ya makaa, na wanangu wanazipenda. Lakini hazina ile harufu ya ganda linapokauka ndani ya udongo. Hakuna pia wanawake wanaoingia na viazi vyao kungojea joto lililobaki. Furu ya bati haibakizi joto la kumpa mtu, ukiondoa makaa inapoa. Uani kwa babu mdogo kuna nyumba ya matofali mekundu, imara sana, wala sitadanganya kwamba ina ufa. Watoto wanaocheza mlangoni hapo hawakijui kichuguu wala hawajawahi kusikia habari zake.

Bibi hakuoka tena. Wiki ile ile alifunga vitu vyake akarudi kwa kaka zake Wamaza, na mimi nikawa nakwenda kwake likizo, nusu ya njia kwa baiskeli na nusu kwa miguu. Huko vichuguu ni vingi mpaka vinasumbua wakulima. Kaka yake alimpa kimoja, akataka hata kumchimbia furu mwenyewe. Bibi akamshukuru na kupanda maboga pembeni yake. Alilima, alivuna mpunga wake, alicheka na watu. Aliniuliza habari za shule, za mama, za kila mtu wa Kasongo ila wachache.

Siku moja, nikiwa msichana mkubwa tayari, nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba tunamenya mihogo. Nikamwambia nina hasira naye pia. Nikamwambia alikuwa anajua hawatakiacha kichuguu, sasa kwa nini aliwaokea, na siagi ya Idi, na kitenge kizuri, kwa nini aliwapa raha ya kula kutoka mkononi mwake. Kama alitaka kuwaaibisha, hawakuona aibu.

"Aibu haikuwa yangu kuwapa," akasema. "Siku ile ya kikao, wakati wote walinyamaza, niliogopa. Nilifikiri, labda ni mimi nimezeeka. Labda muzee hakunipatia kitu, ni mimi nilijiwekea mu kichwa. Nilitaka kujua tu, mujukuu wangu. Walisahau, ao walikuwa wanadanganya?"

Nikamwuliza alijua nini.

"Hawakusahau," akasema. "Hata mumoja."

Akachukua muhogo mwingine akaendelea kumenya.